Msitu wa Kikole na rafu ya fundi

Ubao wa mkongo uliopasuliwa juzi hauvutii macho. Uso wake umejaa mikwaruzo ya meno ya msumeno kutoka ncha moja hadi nyingine. Pembeni umebaki ukanda mweupe wa nje ya mti, na hapa na pale gamba bado limeshikilia. Upana wa ncha moja ni inchi 8, wa ncha nyingine 8 na nusu, na unene nao hautulii. Ukiubeba begani, unyevu wake unapita hadi kwenye shati.

Mbao za namna hiyo ndizo zinazoshushwa katika karakana nyingi za Kilwa Masoko, Nangurukuru na Lindi mjini. Hazijapigwa randa na hazijakauka. Mara nyingi huegemezwa ukutani au hulazwa sakafuni zikisubiri mteja, na wakati huo wa kusubiri ndio unaoziharibu. Jua la mlangoni linapasua ncha, sakafu ya udongo inaleta mchwa, na ubao ulioegemezwa unapinda taratibu kwa uzito wake wenyewe. Siku mteja anapofika na mchoro wa kabati, fundi anakata futi nzima kila upande ili apate mbao iliyo salama.

Hasara hiyo huonekana ndogo kwa sababu mabaki huishia jikoni kama kuni. Lakini hesabu yake inaanzia mbali, katika misitu ambayo wanavijiji wa Kilwa wameilinda kwa zaidi ya miaka 15, na kijiji cha Kikole ni miongoni mwa vya kwanza kufanya hivyo. Njia rahisi ya kuizuia ni rafu za karakana zilizojengwa kwa mbao hizohizo ngumu, bila mashine kubwa na bila kusubiri mbao zilizonyooshwa kiwandani.

Kijiji kilichotangulia

Kikole kipo upande wa bara wa Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi, katika ukanda wa miombo na misitu ya pwani ambako mpingo, mninga, mkongo na mpangapanga huota pamoja. Kwa muda mrefu utajiri huo uliwapita wenyeji. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003, safari ya kwenda Dar es Salaam ilifupika na malori ya magogo yakaongezeka. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 kuhusu biashara ya mbao kusini mwa Tanzania ilikadiria kwamba taifa lilikuwa likipoteza hadi dola milioni 58 za Marekani kwa mwaka kutokana na uvunaji usiofuata taratibu na ushuru usiokusanywa.

Msingi wa mabadiliko ulikuwa umeshawekwa kisheria. Sera ya Taifa ya Misitu ya 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu Namba 14 ya 2002 ziliruhusu kijiji kutenga msitu ulio katika ardhi yake, kuusimamia na kunufaika na mapato yake. Haki hiyo haikutosha peke yake. Ilihitaji mipaka iliyopimwa, kamati ya maliasili ya kijiji, sheria ndogo, doria, na mpango unaoeleza ni miti mingapi ya kila aina inaweza kukatwa bila msitu kupungua.

Hapo ndipo lilipoingia shirika la MCDI lenye makao yake Kilwa, ambalo chimbuko lake ni utafiti wa mpingo ulioanzishwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge katikati ya miaka ya 1990. Shirika hilo lilivisaidia vijiji kupima misitu, kuandika mipango na kutafuta soko. Machi 2009, Kikole na kijiji kingine katika mpango huo, Kisangi, vilipata cheti cha FSC, baraza la kimataifa linaloweka viwango vya kuthibitisha kuwa msitu unatunzwa ipasavyo. Kilikuwa cheti cha kwanza cha aina hiyo barani Afrika kwa misitu ya asili iliyo mikononi mwa jamii. Baadaye vijiji vingine vya Kilwa, kama Nanjirinji, vilijiunga katika cheti hichohicho.

Tofauti ya kipato ilikuwa kubwa. Kwa takwimu za MCDI, kabla ya utaratibu mpya gogo moja la mpingo lilikiachia kijiji wastani wa senti 8 za dola. Baada ya kijiji kuuza chenyewe, kiasi hicho kilipanda hadi zaidi ya dola 19. Fedha za misitu katika vijiji vya Kilwa zimeingia kwenye madarasa, maji na huduma za afya.

Ulinzi huo unaandamana na kumbukumbu. Kila kisiki kina namba yake, na gogo lake hubeba namba hiyohiyo ili lifuatiliwe hadi linakopasuliwa. Mpingo hauruhusiwi kukatwa kabla shina halijafikia kipenyo cha sentimita 24 kwenye kimo cha kifua, na unene huo ni kazi ya miaka 70 hadi 100. Gogo linalofika karakanani leo lilikuwa mche enzi za babu wa fundi, au za baba wa babu yake.

Dunia nayo imeanza kuihesabu miti hii. Tangu Januari 2017 karibu jamii nzima ya mpingo imo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Novemba 2022, katika mkutano wa Panama City, nchi wanachama zilikubali kuingiza pia jamii za mkongo na mninga za Afrika. Kwa hiyo mbao tatu ambazo fundi wa Kilwa huzitaja kila siku sasa haziwezi kuvuka mpaka kibiashara bila kibali cha ziada.

Miti iliyolindwa hivyo msituni inastahili mwendelezo wa uangalizi uleule karakanani.

Mbao inavyokauka pwani

Ili kujua rafu inatakiwa kufanya nini, inafaa kuanza na maji yaliyomo ndani ya ubao. Mti uliokatwa sasa hivi unaweza kuwa na maji yenye uzito wa nusu ya uzito wa mbao kavu, wakati mwingine zaidi. Maji ya kwanza kutoka ni yale yaliyo huru ndani ya matundu ya mbao, na yanapotoka umbo halibadiliki sana. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, yanaanza kutoka yale yaliyomo ndani ya kuta za nyuzi zenyewe. Hapo ndipo mbao inaanza kusinyaa, kupinda na kupasuka.

Haisinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu hupungua kidogo sana. Kwa upana, ubao uliopasuliwa ukifuata mzingo wa miduara ya mti husinyaa karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea kiini. Ndiyo maana ubao mpana uliotolewa pembeni mwa gogo hubinuka, na ule wa katikati hubaki umetulia. Mninga na mkongo zina sifa ya kutulia kuliko mbao nyingi, jambo linalozifanya zipendwe kwa milango. Hata hivyo, ubao wa sentimita 30 ukishuka kutoka unyevu wa asilimia 20 hadi 14 unaweza kupungua milimita 3 kwa upana. Milimita 3 zinatosha kuupasua ubao uliopigiliwa misumari pande zote mbili.

Ncha ndizo zenye balaa zaidi. Maji hutoka kupitia ncha za ubao mara 10 au zaidi kuliko kupitia uso wake, kwa kuwa nyuzi za mti ni mirija iliyokatwa wazi hapo. Ncha inasinyaa wakati sehemu ya ndani bado imejaa maji, na ufa unaanza. Dawa yake ni nafuu: kupaka ncha rangi iliyobaki kwenye kopo, au nta, siku ileile ubao unapofika. Wanaochonga mpingo kwa ajili ya vyombo vya muziki huzamisha vipande vyao katika nta iliyoyeyushwa, kwa sababu mpingo ukikauka haraka hupasuka vibaya. Uzito wake, wa kilo 1,200 na zaidi kwa mita moja ya ujazo, unaufanya uzame majini, na maji yaliyomo ndani hutoka polepole mno.

Hewa ya pwani nayo ina mipaka. Katika unyevunyevu wa Kilwa, mbao iliyoanikwa kivulini hutulia kwenye asilimia 14 au 15, na haishuki zaidi hata ikikaa miaka. Kiasi hicho kinafaa kwa kabati litakalobaki Lindi au Mtwara. Likipelekwa Dodoma, ambako hewa ni kavu zaidi, litaendelea kusinyaa na viungo vitalegea. Fundi anayejua mteja wake anaishi wapi anaacha nafasi ya kutosha katika paneli za milango.

Kutokana na haya yote, rafu nzuri ya mbao ina kazi nne: kuziweka mbali na ardhi, kuzikinga na jua na mvua, kuacha hewa ipite pande zote, na kuzishikilia zikiwa zimenyooka hadi zitulie.

Rafu ya mbao ndefu

Mbao za Tanzania bado huuzwa kwa inchi na futi, na rafu nayo inapimwa hivyohivyo. Chukua mfano wa mbao 40 za mkongo, mbili kwa sita, zenye urefu wa futi 12. Mkongo mkavu una uzito wa kilo 800 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ubao mmoja ni karibu kilo 23. Ukiwa mbichi unakaribia 30. Mbao 40 mbichi zinavuka tani moja. Rafu ya mbao laini iliyoungwa kwa misumari haitadumu chini ya mzigo huo. Ya mbao ngumu isiyo na randa inaubeba bila shida, mradi iungwe kwa akili.

Muundo unaofaa ni wa mikono iliyo wazi upande wa mbele, ili ubao wa futi 12 uingizwe kwa ubavu bila kupenyezwa kati ya nguzo. Nguzo zake ni pacha: mbao mbili za mbili kwa nne zinasimama sambamba, na mkono, nao wa mbili kwa nne, unabanwa katikati yake. Boliti mbili zinapita kwenye zote tatu. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kipande cha kujaza. Chini ya kila mkono, kati ya nguzo mbili, kipande cha ubao wa unene uleule kinasimamishwa kutoka chini hadi kugusa mkono. Uzito hushuka kupitia kipande hicho mpaka sakafuni, na boliti zinabaki na kazi ya kubana na kuuzuia mkono usiinamie mbele. Bila kipande hicho, mzigo wote unaning'inia kwenye matundu mawili ya boliti, na mkono huanza kulegea baada ya misimu michache.

Mikono inainuliwa kidogo mbele, sentimita 2 kwa urefu wa sentimita 60, ili mbao zisiteleze. Mguu wa chini unatokeza mbele kuliko mikono yenyewe. Karakana nyingi zina kuta za bati au za miti, ambazo haziwezi kuzuia rafu isianguke. Mguu mrefu ndio unaozuia, ukisaidiwa na ubao unaofunga vichwa vya nguzo kwenye boriti za paa.

Kwa mbao za inchi mbili, nguzo nne zilizoachana futi 3 zinatosha. Kwa mbao za inchi moja, ambazo hulegea kirahisi, zinahitajika nguzo sita zilizoachana futi 2. Kila nguzo ikiwa na mikono mitatu, rafu ya nguzo nne ina mikono 12, na tani moja na kidogo ikigawanywa kwayo ni wastani wa kilo 90 hadi 100 kwa mkono. Mbao zinalazwa tatu tatu kwa upana, katika matabaka manne au matano, na kati ya tabaka na tabaka vinawekwa vijiti vya inchi moja. Vijiti hivyo vinapangwa mstari mmoja wima juu ya mikono. Kikisogea kimoja nje ya mstari, ubao wa chini yake unapinda, nao ukikauka ukiwa umepinda haunyooki tena.

Mbao zisizopigwa randa zina tatizo lake katika ujenzi: hakuna mbili zenye unene sawa. Fundi mwenye uzoefu hapotezi siku kuzisawazisha zote. Anachagua uso mmoja wa kila ubao, ule ulionyooka zaidi, anautia alama ya chaki na kupima kila kitu kutoka hapo. Tofauti zote zinasukumwa upande wa pili, ambako hakuna kinachokaa. Penseli haionekani vizuri kwenye uso uliokwaruzwa na msumeno, hivyo mistari ya kukatia inachorwa kwa ncha ya kisu au kwa kamba ya chokaa. Randa inapitishwa mahali pawili tu: pale nguzo inapogusana na mkono, na juu ya mkono, ambapo mbao zitalala. Kwingineko mikwaruzo inabaki kama ilivyo.

Misumari ya kawaida hujikunja kwenye mkongo mkavu, na kwenye mpingo haiingii kabisa. Tundu linatobolewa kwanza kwa keekee, jembamba kidogo kuliko skrubu, na skrubu yenyewe inasuguliwa sabuni kavu kabla ya kukazwa. Pwani chuma hula kutu haraka kwa sababu ya chumvi iliyo hewani, kwa hiyo boliti na skrubu zilizopakwa zinki zinalipa gharama yake. Kuna pia faida ya kujenga rafu wakati mbao zake bado zina unyevu kidogo: ni rahisi kuzikata. Lakini boliti zake zinatakiwa kukazwa upya baada ya miezi michache, maana mbao ikisinyaa boliti hulegea.

Hatimaye inakuja mbao ya mshazari. Fremu ya pembe nne, hata iwe ya mbao nzito namna gani, huyumba ikisukumwa kwa ubavu. Ukipitisha ubao mmoja kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu ya upande wa pili, unapata pembetatu, na pembetatu haibadili umbo. Mabanzi, yale mapande ya kwanza ya gogo yenye gamba upande mmoja ambayo mara nyingi hutupwa, yanafaa kabisa kwa kazi hiyo.

Umbali kati ya nguzo mbili

Wajenzi wa Kilwa wanaijua hesabu ya uzito na umbali tangu kale. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alieleza mji uliojengwa kwa mbao. Majengo ya matumbawe yaliyobaki Kilwa Kisiwani, ambayo UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yanaonyesha hesabu hiyo kwa njia nyingine. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kawaida havifiki upana wa mita 3, kwa sababu dari nzito ya mawe na chokaa ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo zina urefu wa kikomo. Upana wa chumba cha tajiri uliamuliwa na mti.

Sheria hiyohiyo inatawala rafu ya pili ambayo kila karakana inaihitaji, ile ya vifaa na vipande. Ukizidisha unene wa ubao mara mbili, ukakamavu wake unaongezeka mara nane. Ukizidisha umbali kati ya nguzo mara mbili na kuuacha mzigo wa jumla uleule, unapinda mara nane zaidi. Fundi anayetaka rafu ya mita moja na nusu bila nguzo ya katikati anatafuta ubao mnene na ghali. Akiweka nguzo kila sentimita 80 au 90, ubao wa inchi moja wa mninga unabeba makopo ya rangi na vanishi bila kulegea.

Vibao vya rafu hiyo havigongwi misumari pande zote mbili. Upande wa nyuma unashikwa kwa skrubu, na wa mbele unaachwa huru, au skrubu yake inapita kwenye tundu refu kidogo ili ubao upate kusinyaa na kutanuka kati ya kiangazi na masika. Kati ya ubao na ubao inaachwa nafasi ya kidole. Nafasi hiyo pia inaangusha vumbi badala ya kulihifadhi.

Rafu ya vipande ndiyo inayookoa mali nyingi zaidi, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Katika kazi ya mpingo wa vyombo vya muziki, chini ya asilimia 10 ya gogo ndiyo inayofikia ubora unaotakiwa kwa zumari na klarineti, kwa kuwa mti wenyewe umejaa nyufa, matundu na mikunjo. Kwenye mninga na mkongo hali ni nafuu, lakini bado sehemu kubwa ya gogo hubaki nje ya ubao uliouzwa. Kipande cha mkongo cha futi moja na nusu ni mguu wa kigoda. Cha nusu futi ni mpini wa patasi au kitasa cha droo. Cha mpingo ni kigingi cha kukazia kiungo, ambacho kitaishi kuliko msumari wowote.

Vipande vikirundikwa pembeni hakuna anayevikumbuka. Vikiwekwa katika vishubaka vilivyogawanywa kwa urefu, chini ya futi moja, futi moja hadi mbili, mbili hadi tatu, fundi anaviona kabla hajakata ubao mpya. Aina ya mti na mwezi uliopokelewa vinaandikwa kwa chaki kwenye ncha, upande unaotazama nje. Mkongo uliokaa mwaka mzima na ule wa wiki iliyopita vinafanana kwa rangi. Tarehe ndiyo inayozuia visiunganishwe katika mlango mmoja.

Mchwa, oili na mapafu

Kiini cha mkongo, mninga na mpingo hustahimili mchwa vizuri. Ukanda mweupe wa nje haustahimili, na wadudu wanaotoboa mbao huanzia hapo. Kwa ajili ya rafu, ukanda huo unakatwa kwenye nguzo na miguu, hasa sehemu inayokaribia sakafu. Kila mguu unasimama juu ya tofali la saruji au jiwe la matumbawe, na sentimita 40 za kwanza kutoka ardhini zinaachwa tupu ili mtu aweze kuinama, akamulika tochi na kuona njia ya udongo ya mchwa ikianza kupanda.

Mafundi wengi hupaka miguu ya meza na nguzo oili chafu ya magari. Inafukuza wadudu kwa muda, lakini mbao zilizolazwa juu yake huinyonya, kisha gundi na vanishi havishiki tena. Kama lazima itumike, iishie chini ya mkono wa kwanza.

Suala la afya halistahili kupitwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mpingo huwasha ngozi, na la mninga huwaletea baadhi ya watu kikohozi na pumu. Rafu iliyowekwa umbali wa sentimita 10 kutoka ukutani, na yenye nafasi chini yake, inafagilika. Ile iliyobanwa ukutani inakuwa ghala la vumbi linalopeperuka kila upepo wa kusi unapoingia mlangoni. Barakoa inayofunika vizuri pua na mdomo wakati wa kukata na kupiga msasa ni kifaa cha kazi sawa na msumeno.

Mbao kavu ina bei yake

Vijiji vya Kilwa vimepitia hatua kadhaa katika biashara yao. Mwanzoni mti uliuzwa ukiwa bado umesimama, na mnunuzi ndiye aliyeukata na kuondoka nao. Kila hatua inayoongezwa kijijini, kutoka mti hadi gogo, kutoka gogo hadi ubao uliopasuliwa, inaongeza kipato na ajira za vijana. Hatua inayofuata ni kukausha, na haina ulazima wa kusubiri tanuri la umeme. Banda lenye paa, mikono ya mbao kama iliyoelezwa hapo juu, vijiti vya inchi moja, kopo la rangi kwa ajili ya ncha, na daftari la kuandikia tarehe vinatosha kuanza.

Ubao wa inchi mbili wa mkongo uliokaushwa hivyo unahitaji miezi mingi, na subira hiyo ina gharama kwa kijiji au fundi anayetaka fedha sasa. Gharama hiyo inapungua mnunuzi anapokubali kulipia tofauti. Halmashauri zinazoagiza madawati na milango ya shule ni wanunuzi wakubwa kuliko mtu binafsi. Mkataba wa halmashauri unaweza kutaja mambo matatu ambayo leo mara nyingi hayatajwi: mbao itoke katika msitu wenye hati, iwe imekaushwa hadi kiwango kinachofaa pwani, na iwe na tarehe ya kupasuliwa. Kipima unyevu cha betri, kinachoshikika mkononi, kinatosha kukagua sharti la pili mbele ya pande zote mbili.

Mteja wa kawaida naye ana uwezo wa kuuliza. Anapoagiza mlango wa mninga, aombe kuonyeshwa risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, kisha aombe kuona mahali mbao zinapokaa. Mbao zikiwa zimelazwa juu ya mikono, zimetenganishwa kwa vijiti, ncha zake zimepakwa rangi na zina tarehe ya chaki, anaweza kulipa malipo ya awali akiwa na sababu nzuri ya kuamini kazi. Zikiwa zimeegemezwa juani mlangoni, bei inapaswa kushuka au agizo lisubiri, na fundi aelezwe wazi kwa nini.

Kwa fundi anayeanza na mtaji mdogo, rafu haihitaji kujengwa yote kwa mara moja. Nguzo mbili na mikono sita za mabaki yaliyokwishalipiwa zinabeba mbao fupi za kazi mbili tatu zijazo. Nguzo ya tatu na ya nne zinaongezwa mzigo unapokua. Kazi ya kwanza ifanywe kabla ya masika, wakati sakafu bado ni kavu na mbao zilizopo zinaweza kuhamishwa bila haraka, kuanzia zile zilizoguswa na udongo.